Nilikuwa Nikisema Haina Madhara

Ubao wa kibanda changu pale Ngamiani, Tanga, uliandikwa kwa rangi nyekundu: DAWA ZA ASILI. HAZINA KEMIKALI. HAZINA MADHARA. Nilimlipa fundi wa mabango kwa kila herufi, na kwa miaka saba nikayarudia maneno hayo kwa mdomo mara nyingi kuliko nilivyosema shikamoo. Leo nayatolea ushuhuda, kwa sababu nusura yamuue mwanamke aliyenilea.

Nianzie mbali kidogo, msije mkaniona mtu aliyezuka tu na makopo. Babu yangu mzaa baba alikuwa mganga wa miti shamba katika milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, wilaya ya Muheza. Mimi ndiye niliyembebea kikapu na panga. Niliweza kuutambua mti kwa kunusa gome lake kabla sijajua kusoma. Lakini babu alifariki nikiwa darasa la tano, na sehemu kubwa ya ujuzi wake akaenda nayo kaburini. Nilibaki na majina ya miti na harufu zake. Niliteremka mjini, na nilipokuwa kijana nikauza viungo: binzari, iliki, mdalasini. Ulipofika mwaka 2011, watu wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi na nchi za jirani, wakapanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kusubiri kikombe cha dawa cha shilingi 500. Mimi sikwenda. Nilikaa kibandani nikapiga hesabu: watu wana kiu. Nikaondoa iliki mezani, nikaweka makopo ya unga wa miti.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenipokea mjini, akanisomesha kwa maandazi aliyouza alfajiri. Wakati wa mkasa huu, mwaka 2018, alikuwa na umri wa miaka 67, na kisukari alikuwa nacho mwaka wa tisa. Alikuwa na kadi ya kliniki na vidonge vya aina mbili: metformini, na kile kidogo kiitwacho glibenklamidi. Mwezi ule alipopimwa, sukari ilisoma 14. Daktari akamwongezea glibenklamidi. Badala ya kidonge kimoja asubuhi, ikawa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Alirudi nyumbani amenuna. Jioni ile ile nikaenda kumsalimia.

"Mwanangu," akaniambia, "vidonge vinaongezeka, mimi napungua."

Jibu nilikuwa nalo dukani. Kesho yake nikamletea kopo la unga wangu wa sukari, ule uliokuwa ukinunuliwa kuliko yote: majani ya mwarobaini yaliyokaushwa kivulini, karela kavu, na mbegu za uwatu zilizokaangwa na kusagwa. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, katika maji ya moto. Shangazi akaligeuza kopo mkononi, akaniuliza swali ambalo nilipaswa kulijua mimi kwanza.

"Nichanganye na vya hospitali?"

Nikamjibu nilivyowajibu wote. "Kunywa tu, shangazi. Hii haina kemikali, haina madhara. Ila usikose hata siku moja."

"Na kliniki niwaambie?"

"Ya nini? Watakugombeza bure."

Hilo la kugombezwa sikulitunga. Shangazi mwenyewe aliwahi kuona, katika kliniki moja, mama mwenzake akikemewa mbele ya foleni nzima kwa sababu alitaja miti shamba. Wote waliokuwa kwenye benchi siku ile waliondoka na somo moja: ukiulizwa, sema hapana.

Basi katika wiki moja, sukari ya mwili mmoja ikaanza kusukumwa chini na mikono miwili. Daktari hakujua habari ya kopo langu. Mimi nilisikia habari ya kidonge cha pili nikaipuuza. Aliyejua yote alikuwa shangazi, na yeye tulikuwa tumemfundisha kunyamaza, mimi kwa upande wangu na kliniki kwa upande wake.

Baada ya siku kumi hivi alianza kunieleza mambo. Usiku anaamka amelowa jasho. Mikono inamtetemeka anapomenya vitunguu. Njaa inamshika ghafla, ya kutaka kula kilichopo. Moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu. Mtu aliyekaa nusu saa na muuguzi wa kisukari angejua kwamba hizo ni dalili za sukari kushuka. Mimi nilizitafsiri kibiashara.

"Dawa inafanya kazi, shangazi. Inatoa sumu mwilini."

Ya sumu ulikuwa uongo. Ya kwamba inafanya kazi ilikuwa kweli, na hiyo kweli ndiyo inayoniuma mpaka leo. Unga wangu haukuwa bure. Ulikuwa unashusha sukari kama nilivyowaahidi watu, na mimi niliyeuahidi sikuwa nimefikiria hata mara moja maana ya ahadi yenyewe: kitu kinachoshusha hakijui pa kusimama.

Siku ya kumi na nane, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. Binti yake. "Kaka, njoo. Mama anaongea maneno hayaeleweki."

Nilikuta nyumba imejaa. Shangazi yuko kitandani, kanga imemgandia mwilini kwa jasho, macho yako wazi lakini hayamwoni mtu. Alikuwa akihesabu maandazi. "Ishirini na mbili, ishirini na tatu," kisha anapotea, anaanza upya. Jirani mmoja akasema ni jini. Mwingine akamsahihisha: ni jini wa baharini, kwani hamwoni maji hayo yanavyomtoka? Akaitwa ustadh wa madrasa ya mtaani. Alikuja na tochi, akamshika shangazi kiganja, akauona mkono ulivyo baridi na ulivyolowa, akatugeukia.

"Si ana sukari huyu?"

Tukasema ndiyo.

"Basi mimi nitasoma, na nyinyi tafuteni bajaji. Dua haikatazi hospitali."

Na kweli alisoma, akaendelea kusoma ndani ya bajaji, huku ameishika miguu ya shangazi isiburuzike nje.

Muuguzi wa zamu alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akasoma kwa sauti: 1.9. Mtu asiye na tatizo huwa 4 au zaidi. Ikiteremka sana chini ya hapo, ubongo, ambao chakula chake kikuu ni sukari, hufifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Akatafuta mshipa, akaingiza maji ya sukari nzito kwa bomba la sindano, polepole. Kabla bomba halijaisha, shangazi alifumba macho, akayafumbua, akamwona ustadh, akapapasa kanga.

"Mbona mmeniacha kichwa wazi mbele ya watu?"

Tulicheka, tukalia, vyote kwa pamoja.

Akaja daktari kijana na faili. "Mama anatumia dawa gani?" Binti akataja vidonge viwili. "Na nyingine? Hata za kienyeji?" Binti akanitazama. Nami, mwenye kopo, nikatazama sakafu.

"Hakuna," nikasema.

Shangazi akalazwa. Mimi nikaenda kufungua kibanda. Ushuhuda wa nusu hauna faida, kwa hiyo niseme na hili: asubuhi ile niliuza makopo mawili ya unga ule ule.

Saa kumi jioni simu ikalia tena. Sukari imeshuka, 2.4, wanamwekea dripu. Nilipoingia wodini, kitu cha kwanza nilichokiona ni chupa ya chai ya bluu yenye maua, juu ya kabati dogo kando ya kitanda. Naijua chupa hiyo. Nimeinywea chai tangu utotoni. Binti alikuwa ameileta kutoka nyumbani, na mchana, shangazi alipopata nguvu ya kukaa, alimnywesha kikombe kizima. Mtaalamu wa ukoo aliwaambia wasikose hata siku moja. Mtaalamu huyo huyo alisimama asubuhi mbele ya daktari, akaulizwa, akasema hakuna. Binti hakukosea chochote. Alitii.

Niliichukua ile chupa nikamfuata daktari kwenye ukumbi.

"Daktari, asubuhi nilikudanganya."

Nilijiandaa kwa maneno makali, na ningeyastahili. Yeye alifungua kifuniko, akanusa, akaniuliza kilichomo. Mwarobaini, karela, uwatu. Akaviandika vyote vitatu kwenye faili. Tangu lini? Nikamwambia. Mara ngapi kwa siku? Nikamwambia. Kiasi gani?

"Kijiko," nikasema.

"Kijiko kipi?"

Sikuwa na jibu. Katika miaka saba ya biashara, yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kijiko kipi. Binti akafungua mkoba, akatoa walichokuwa wakitumia. Mimi kichwani nilikuwa na kijiko cha chai. Wao walitumia kile cha kulia wali.

Daktari alinieleza bila kunionea. Si chupa peke yake, alisema. Glibenklamidi yenyewe ina tabia ya kung'ang'ania mwilini siku nzima au zaidi, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu, na sukari inaweza kushuka tena hata baada ya mgonjwa kuzinduka. Ndiyo maana hulazwa, haruhusiwi akafurahie uzima nyumbani. "Lakini wewe," alisema, "ulilikuta gari kwenye mteremko, ukalisukuma."

Kesho yake alinipeleka kwa mfamasia wa hospitali, mwanamke wa rika langu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Amani.

"Basi wewe ni mtu wa kwinini," akasema.

Nilikuwa nimekua nikiiona ile miti bila kujua habari yake. Akanieleza kwamba Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902 na wakapanda msinkona, ambao gome lake ndilo linalotoa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia za bahari, walitengeneza kwinini hapo hapo milimani kwa ajili ya askari wao. Kisha akavitaja na vidonge vingine. Metformini ya shangazi ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega, ambao watu waliutumia zamani kabla ya viwanda. Dijoksini ya wagonjwa wa moyo inatoka kwenye jamii ya ua ambalo daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785, na kazi kubwa aliyoifanya ilikuwa kutafuta kipimo, kwa sababu majani yale yale yaliyoponya yaliweza kuua.

"Sasa wewe ukiandika haina kemikali," akasema, "unautukana mti. Kemikali ndiyo dawa yenyewe. Kama haina, basi unauza majani makavu."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasomeshwa kama mtoto wa chekechea, na nayaandika hapa niliyoyashika.

Kuna dawa zinazovuta upande mmoja. Karela, mwarobaini na uwatu hushusha sukari, na kidonge cha kisukari hushusha sukari. Ukijumlisha usichopima na ulichopimiwa, hujui utafika wapi. Choya, yale maji mekundu tunayoyapenda, yanaweza kushusha shinikizo la damu juu ya kidonge cha presha. Kitunguu saumu kinacholiwa kwa wingi kama dawa huifanya damu ichelewe kuganda, na mtu anayetumia wafarini tayari damu yake imecheleweshwa.

Kuna zinazovutana. Wafarini hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, na majani mabichi kama ya mlonge yana vitamini hiyo tele. Mgonjwa akianza ghafla kunywa unga wa mlonge kila siku, anaweza kuwa anakifuta kidonge chake bila kujua. Urukususu, niliokuwa nikiuuza kwa kikohozi, ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Shubiri inayoharisha nayo huyapunguza madini hayo, na mtu wa dijoksini akipungukiwa potasiamu, moyo wake unaweza kwenda kombo.

Halafu kuna njia ya tatu, ambayo haionekani kwa macho. Utumbo na ini vina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja vitu vinavyoingia, dawa zikiwemo. Mfano wake ulinishangaza kwa sababu ni tunda la kwetu: balungi. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, wakichunguza dawa ya presha, walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio lao, wakakuta dawa imejaa kwenye damu kuliko ilivyotarajiwa. Balungi lilikuwa limekizima kimeng'enya kwenye ukuta wa utumbo. Vipo pia vinavyokwenda kinyume, dawa ikapungua. Vidonge vya kitunguu saumu vilionekana kushusha kwa karibu nusu kiwango cha sakwinaviri, moja ya dawa za zamani za VVU. Mgonjwa anameza ARV zake kwa wakati, haruki hata siku, na virusi vinapata upenyo kwa sababu ya kitu alichokiona ni kiungo cha mchuzi.

"Kiasi cha kwenye mchuzi si tatizo," mfamasia alimalizia. "Tatizo ni pale chakula kinapogeuzwa dawa, kikanywewa kwa kipimo cha dawa, halafu kikafichwa kama si dawa."

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimfikiria babu, na kadiri nilivyomfikiria ndivyo nilivyoona kwamba simfanani. Mimi nilijiona mrithi wake. Lakini babu alikuwa na kifuu cha nazi chenye alama aliyoichoma kwa moto ndani; dawa haikupita pale. Na kabla ya kugusa kikapu, alimkalisha mgonjwa kwenye kigoda, akamuuliza: "Asubuhi umemeza nini? Na kabla ya kuja kwangu, umetoka kwa nani?" Akisikia mtu yumo katikati ya dawa ya mganga mwingine, alimrudisha. Kamalize ile kwanza, pumzika, ndipo uje. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," alikuwa akisema, na wagonjwa wakidhani anawaonea wivu waganga wenzake.

Mzee yule asiyejua kusoma aliuliza swali lile lile la daktari kijana mwenye faili. Mimi nilirithi miti, swali nikaliacha.

Nisijisifu kwamba nilibadilika siku moja. Kopo la sukari niliacha kuliuza wiki ile, ndiyo. Lakini mengine niliendelea nayo miezi miwili, maana kodi ya kibanda haijui habari za wodini. Kilichonishinda ni mdomo wangu. Kila nilipotaka kusema "haina madhara", niliiona chupa ya bluu. Maneno yakawa hayatoki, na mteja anayekuona unasita hanunui.

Mwishowe nikanunua daftari la kurasa 200. Kila anayekuja sasa naandika anachoumwa na anachomeza. Nikimwambia anitajie dawa za hospitali, wengi husema "vile vyeupe", kwa hiyo nawaambia walete kopo lake au pakiti yake. Mjamzito simuuzii kitu cha kunywa. Anayetumia wafarini, ARV, dawa za kifafa, za kifua kikuu au za moyo, namwandikia jina la mti kwenye karatasi, namwambia apeleke kliniki aulize, arudi na jibu. Wengi hawarudi. Wanakwenda meza ya tatu kutoka yangu, ambako hawaulizwi.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kijana mwenye kovu refu kifuani. Amewekewa vali ya moyo na anatumia wafarini. Anataka mlonge wa kuongeza damu na kitunguu saumu cha kusafisha mishipa. Zamani ningemuuzia vyote viwili na kumwongezea tangawizi ya bure. Nikamwambia: dada, kimoja kati ya hivi kinaweza kuifanya damu yako igande kwenye vali, na kingine kinaweza kuifanya isigande ukijikata. Rudi kwa wanaokupima damu, uwaambie unachotaka kula na kiasi gani, wao watapima. Akaondoka amekasirika. Baada ya wiki tatu alipita tena, hakununua kitu, akaniambia tu: "Wamesema mboga nile, ila nile kila siku kiasi kile kile, na unga niache." Siku ile sikuingiza hata shilingi, na nilifunga kibanda nikiwa na furaha.

Kuna na yule kijana aliyeniletea unga wa nguvu za kiume kwa bei ya jumla. Akajisifu kwamba unafanya kazi kwa nusu saa, bila kukosea. Hapo ndipo nilipoukataa. Mti hauna saa. Nchi nyingi zimekamata unga wa namna hiyo uliochanganywa kwa siri na sildenafili ya kiwandani, na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akiunywa, presha inaweza kuporomoka asiamke. Huyo atakuwa ameambiwa haina kemikali.

Nimekwenda pia kutafuta usajili, jambo nililolikwepa kwa miaka. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002 na ina Baraza lake, na Muhimbili wamekuwa wakiichunguza miti yetu tangu mwaka 1974. Hata hapa mkoani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari na waganga wa tiba asili walianza kushirikiana, kuanzia Pangani, kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Njia ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita vichakani.

Shangazi yuko hai na ana mdomo wake wote. Glibenklamidi walimwondolea, metformini akabaki nayo. Karela anaikaanga na vitunguu kama mboga, mara moja moja, na kliniki wanajua. Anasema hata pale benchi limebadilika kidogo. Muuguzi mmoja siku hizi haulizi "unatumia miti shamba?" kwa sauti ya polisi. Anainama, anauliza, "Mama, nyumbani unakunywa nini kingine?" Na akina mama wanataja.

Kama nyumbani kwako yuko mtu wa kisukari, shika haya niliyojifunza kwa gharama. Akianza kutokwa jasho, kutetemeka, kupata njaa ya ghafla au kusema ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda yenye sukari, umpime baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia mapafuni, mkimbize hospitali. Na ukienda, beba kila kitu anachomeza, pamoja na chupa ya chai.

Ule ubao niliupaka rangi nyeupe mwenyewe, rangi ya bei nafuu, mkono mmoja. Mvua za masika zimeichuja, na sasa zile herufi nyekundu zinatokeza kwa chini. Fundi ameniambia nimpe pesa auzibe vizuri. Nimemwambia aache kwanza, kwa sababu juzi tu amekuja mzee mmoja, akasimama mbele ya ubao, akasoma kwa taabu, herufi kwa herufi: ha-zi-na ma-dha-ra.

"Ni kweli haya?" akaniuliza.

"Hayo nilikuwa nikiyasema zamani, baba. Karibu kigoda." Nikafungua daftari. "Asubuhi umemeza nini?"